Jiji Lililoitangulia Ramani Yake

Kati ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na mwisho wa karne iliyopita, Dar es Salaam iliandikiwa mpango kabambe mara tatu. Wa kwanza, wa 1949, ulitoka kwa wahandisi wa Uingereza, Sir Alexander Gibb and Partners. Wa pili, wa 1968, na wa tatu, wa 1979, iliandaliwa na kampuni za Kanada. Kila mpango ulikuja na karatasi zake kubwa zilizopakwa rangi: hapa makazi, pale viwanda, huku mashamba ya akiba, kule mabonde yasiyoguswa. Na kila mpango ulipofika mezani, watu walikuwa wameshachimba msingi, wamepandisha ukuta na kuezeka mahali ambapo ramani ilisema patakuwa wazi.

Historia ya jiji hili huandikwa mara nyingi kwa kufuata mipango hiyo, kana kwamba mji ulikua kwa amri. Haikuwa hivyo. Kwa makadirio yanayotajwa sana, kiasi cha asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye mitaa ambayo nyumba zilitangulia na mpima ardhi akafuata, kama alifuata. Anayetaka kujua Dar es Salaam ilikuaje hasa, ni shamba lipi liligeuka mtaa na mwaka gani, hana budi kumtafuta shahidi mwingine asiyekuwa karatasi ya wizara. Shahidi huyo yuko angani, na amekuwa akirudi juu ya jiji kwa zaidi ya nusu karne.

Mwanzo wa mji haukuwa na haja ya macho ya angani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kabla kazi haijakamilika. Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, reli ya kati ikaanza kujengwa 1905, na mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji. Tawala hizo mbili ziliugawa kwa rangi za watu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, huku Mnazi Mmoja ukiachwa mtupu kama uzio kati ya Uhindini na Kariakoo. Mtu mwenye miguu mizima aliweza kuuzunguka mji wote kwa asubuhi moja.

Picha zilizofaa kwa upimaji zilikuja na ndege. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha ofisi ya upimaji wa makoloni yake, na kutoka hapo ukaanza utaratibu mkubwa wa kupiga picha kutoka angani ili kutengeneza ramani za Afrika kwa kipimo cha 1 kwa 50,000. Kazi yenyewe ilikuwa ya uangalifu sana. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, kamera ikifyatua kila baada ya muda uliopangwa, ili kila picha ipandane na ya mbele yake kwa kiasi cha asilimia 60. Kisha mchoraji aliziweka picha mbili zinazopandana chini ya stereoskopu na kuzitazama, kila jicho na picha yake. Hapo karatasi bapa hupata kina: minazi husimama, mapaa huinuka, bonde la mto huzama. Mtaalamu aliyezoea aliweza kutofautisha bati jipya, linalong'aa jeupe, na paa la makuti la kijivu, na akahesabu nyumba moja moja.

Tatizo lilikuwa gharama. Ndege haikurushwa kila mwaka. Picha za 1982 na za 1992, ambazo watafiti wa mipango miji wa Dar es Salaam wamezitegemea mno, zina mwanya wa miaka kumi kati yake, na katika miaka kumi kijiji cha pembezoni mwa jiji hili huzaliwa, hujaa na huanza kugombania njia.

Hesabu za sensa zinaonyesha kwa nini mwanya huo ni mkubwa. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu takriban 273,000. Mwaka 1978 walikuwa takriban 843,000. Ni ongezeko la zaidi ya mara tatu ndani ya miaka 11, na hakuna halmashauri iliyokuwa na wapimaji, barabara wala mabomba ya kuendana nalo. Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, iligeuka kuwa moja ya makazi makubwa yasiyopangwa nchini. Serikali iliyokuwa ikibomoa vibanda na kujenga nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa ikabadili mwelekeo. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaanza kupima viwanja na kupeleka huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuiboresha Manzese badala ya kuibomoa. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyoutangulia, kwa kuwa ulikubali kwamba watu wameshafika.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo jicho jipya lilifunguka. Julai 23, 1972, Marekani ilirusha kutoka Vandenberg, California, setilaiti iliyoitwa ERTS-1, ambayo baadaye ilipewa jina la Landsat 1. Ilikuwa na vyombo viwili. Kamera za mfumo wa televisheni ndizo zilizotarajiwa kuwa tegemeo, na kando yake kulikuwa na kifaa kilichobuniwa na Virginia Norwood, mhandisi wa kampuni ya Hughes: kioo kilichotikisika huku na huku, kikizisoma ardhi na bahari mstari baada ya mstari katika mikanda minne ya mwanga. Kamera zilipata hitilafu ya umeme na kuzimwa mapema. Kifaa cha Norwood kikaendelea, na ndicho kilichoipa dunia kumbukumbu yake ya kwanza ya kudumu ya uso wa nchi kavu. Kila picha ilifunika eneo lenye upana wa kilomita 185, na setilaiti ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa mambo ya anga. Desemba 12, 1970, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi lilikuwa limerusha setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza nyota zinazotoa eksirei. Hiyo ilitazama juu. Kwa wanaotazama chini, mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji, ramani na uchunguzi wa mbali, chini ya mwavuli wa Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, nacho kimefundisha vizazi vya wataalamu wa nchi za ukanda huu. Dar es Salaam yenyewe, Chuo Kikuu kilikuwa tangu 1967 na ofisi ya kutathmini rasilimali na matumizi ya ardhi, na chuo cha Ardhi kilikuwa kikiwafundisha wapimaji. Watu walikuwapo. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni picha zenyewe, kwa sababu zitakazoelezwa.

Yafaa kwanza kueleza picha hizo huonyesha nini, maana wengi hudhani setilaiti hupiga picha kama simu ya mkononi. Landsat ya kwanza haikuona nyumba. Kila nukta ya picha yake ilikuwa wastani wa mwanga kutoka kipande cha ardhi chenye upana wa mita 80 hivi, na katika kipande kama hicho pale Manzese zingeweza kuingia nyumba ishirini na zaidi, vichochoro vyake, mwembe wa uani, shimo la taka na kijia cha maji machafu, vyote vikisagwa kuwa namba moja. Lakini namba hiyo ilikuwa na siri ndani yake. Klorofili ya jani hunyonya mwanga mwekundu, ilhali tishu za jani huakisi kwa nguvu miale ya infraredi ambayo jicho la binadamu haliioni. Wataalamu wakaipa miale hiyo rangi nyekundu kwenye karatasi. Mikorosho, minazi na mikoko ikatoka nyekundu, bahari ikawa nyeusi, na mji wenye mabati, saruji na udongo uliokanyagwa ukatoka buluu ya kijivujivu. Ukiziweka sambamba picha za miaka miwili tofauti, unaona buluu ikiila nyekundu.

Umbo lake halikumshangaza mwenyeji yeyote. Mji haukutanuka kwa duara. Ulifuata barabara nne kuu, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kama vidole vya mkono uliotandazwa, na kati ya kidole na kidole yakabaki mashamba na mabonde. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi baada ya shirika la usafiri la jiji kuelemewa, na daladala zikaanza kupeleka abiria kokote palipokuwa na abiria. Tangu hapo vidole vikarefuka kwa kasi. Daladala haikungoja barabara ya lami. Ilitosha pawe na njia inayopitika kiangazi, na watu wa kujaza viti.

Miaka hiyo ya 1980 ilikuwa migumu, na ugumu wake umeandikwa ardhini. Mshahara wa mtumishi wa serikali haukutosha mwezi. Waliokuwa nacho kidogo walinunua shamba nje ya mji, wakafuga kuku au ng'ombe wa maziwa, wakalima mchicha na mihogo, na polepole wakajenga. Watafiti John Briggs na Davis Mwamfupe waliyaandika haya kwa kina mwaka 2000, wakionyesha jinsi pembezoni mwa Dar es Salaam palivyobadilika katika zama za masharti ya wafadhili: ardhi iliyokuwa ya kulima ikawa ya kuwekeza, na wenyeji waliouza mashamba yao wakasogea mbele zaidi.

Kwa mtazamaji wa picha, mabadiliko hayo yana hatua zake, na ni vyema kuyafuatilia kwa karibu. Chukua shamba la mikorosho lililo kilomita 20 hivi kutoka Posta, mbali kidogo na barabara kuu. Mwaka wa kwanza hakuna dalili ila ufito mwembamba wa udongo unaokatisha miti. Ni njia ya gari lililoleta mchanga na kokoto. Miaka miwili mitatu baadaye wekundu wa majani umepungua nguvu, kwa kuwa mikorosho michache imekatwa kupisha misingi. Nyumba hazijatokea bado. Dar es Salaam hujengwa kwa awamu: tofali zinafyatuliwa mwaka huu, kuta zinapanda mwaka ujao, kisha pagala linasimama likiota majani ndani hadi fedha ya bati ipatikane. Pagala lisilo na paa, machoni pa setilaiti, linakaribia kufanana na ardhi tupu. Ndipo siku moja bati linapigiliwa na nukta inang'aa ghafla. Baada ya misimu kadhaa ya mvua na upepo wa chumvi bati linashika kutu, na mng'ao unafifia. Wakati huo mwenye nyumba ameshapanda mwembe, mpapai na mchongoma wa uzio, kijani kinarudi, na kompyuta isiyoongozwa vizuri inaweza kuamua kwamba mtaa ule umegeuka tena kuwa shamba.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Bati lenye kutu linatoa mwanga unaokaribiana na ule wa udongo mwekundu. Shamba lililopaliliwa na kungoja mvua linafanana na kiwanja kilichosafishwa kujengwa. Picha zisizo na mawingu hupatikana zaidi kati ya Juni na Septemba, na huo ndio msimu ambao mashamba nayo yako wazi. Kwa hiyo mtaalamu huifundisha kompyuta kwa kuichagulia sampuli, hapa mji, hapa pori, hapa mpunga, kisha huchukua kifaa cha kusomea majira ya nukta na kwenda uwandani kuhakiki, akimuuliza mjumbe wa nyumba kumi au mzee wa mtaa: hapa palikuwa nini kabla? Ramani nzuri za mabadiliko ya Dar es Salaam zimepatikana kwa miguu kama zilivyopatikana kwa setilaiti, na anayesahau upande mmoja huandika makosa.

Landsat 5 ilirushwa Machi 1, 1984, ikiwa na chombo kilichoona vipande vya mita 30. Ilitegemewa kudumu miaka michache tu, ikafanya kazi hadi 2013. Karibu historia yote ya upanuzi wa jiji baada ya daladala imo ndani ya maisha ya setilaiti hiyo moja. Ila kuwapo kwa picha si sawa na kuwa nazo mkononi. Katikati ya miaka ya 1980 Marekani iliikabidhi biashara ya picha za Landsat kwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi dola 4,400. Mwanafunzi wa Dar es Salaam angeipata wapi fedha hiyo? Hata idara ya serikali ilijibana ikanunua moja au mbili, ikazitumia kwa miaka. Tena kwa kuwa wanunuzi wa ukanda huu walikuwa wachache, picha nyingi za mwambao huu hazikupokelewa wala kuhifadhiwa. Mji ulibadilika kupita kiasi katika kipindi ambacho shahidi wake aliuzwa ghali, na kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ni hasara ya historia ambayo haitafidiwa, kwa kuwa picha ambayo haikuchukuliwa Julai 1988 haiwezi kuchukuliwa leo.

Pazia lilifunguliwa 2008, Marekani ilipoamua kutoa hazina nzima ya Landsat bure. Kabla ya hapo, katika mwaka wa mauzo bora kuliko yote, ziliuzwa picha takriban 25,000 duniani kote. Katika mwaka wa kwanza wa bure zilichukuliwa zaidi ya milioni moja. Sasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Mlimani aliweza kukaa na kompyuta na kuitazama njia 166, safu 65, ndiyo anwani ya Dar es Salaam katika gridi ya Landsat, kutoka pwani hadi Kisarawe na Mkuranga na kuteremka kusini kuelekea Rufiji, mwaka baada ya mwaka. Sehemu ya hazina hiyo ina makovu. Mei 31, 2003, kifaa kimoja cha Landsat 7 kiliharibika, na tangu siku hiyo kila picha yake ilikosa karibu asilimia 22, ikionekana na michirizi myeusi. Watafiti wa jiji wanaifahamu vema michirizi hiyo. Wengi wamelazimika kuunganisha picha mbili tatu ili kuufunika mtaa mmoja.

Kabla hata ya picha za bure, setilaiti zenye macho makali zaidi zilikuwa zimeanza kuingia kwenye shughuli za serikali. IKONOS ya 1999 na QuickBird ya 2001 ziliona vitu vya mita moja na pungufu, maana yake paa moja moja. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilizindua mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada na Buyuni. Miaka miwili baadaye ukaja mradi wa leseni za makazi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, wa kuwatambua wanaoishi kwenye mitaa isiyopimwa, na picha za angani zikawa msingi wa kazi: paa linaonekana, linapewa namba, kisha maofisa wanapita mlango kwa mlango kuuliza mwenye nyumba ni nani. Zaidi ya nyumba na viwanja laki mbili vilitambuliwa. Richard Sliuzas, mtafiti wa taasisi ya ITC huko Enschede, Uholanzi, alichapisha mwaka 2004 tasnifu nzima kuhusu namna taarifa za aina hii zinavyoweza kusaidia kusimamia makazi yasiyopangwa ya Dar es Salaam. Safari hii picha ilitumika kumtambua aliyejenga badala ya kumfukuza. Leseni yenyewe ilikuwa ya muda mfupi na wengi hawakuendelea kuihuisha, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Athari za mji hazikuishia kwenye nyumba. Jiji hupika kwa mkaa, na mkaa hutoka mbali. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, inaonekana katika picha za miaka ya karibuni ikiwa imetobolewa na kumegwa kingo. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti wakiongozwa na Antje Ahrends kilichapisha matokeo ya kulinganisha hali ya misitu ya 1991 na ya 2005 kutoka Dar es Salaam kwenda nje. Walikuta mawimbi yanayofuatana: kwanza huondoka miti ya mbao za thamani, kisha mbao za kawaida, mwisho mkaa. Wimbi lililokwenda kasi zaidi lilisogea hadi kilomita 9 kwa mwaka. Walizipata hesabu hizo msituni, kwa kuhesabu visiki.

Kisha kuna Msimbazi. Mto huu unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini kwenye daraja la Salenda. Mipango yote ililiacha bonde lake wazi, na kwa haki: ni njia ya maji. Lakini bonde liko karibu na Kariakoo, na kwa mchuuzi asiye na nauli, ukaribu na soko ni chakula cha watoto. Kila paa jipya kwenye miinuko ya juu liliongeza maji yanayoteremka, kwa sababu mvua iliyokuwa ikinywewa na shamba sasa inateleza kwenye bati na saruji, na udongo wa misingi iliyochimbwa unasombwa na kujaza mto. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa, mabonde yakajaa, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na mamia ya familia zikahamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Anayezisoma picha za miaka thelathini iliyotangulia anaona mafuriko hayo yakiandaliwa kwenye miinuko, mbali kabisa na Jangwani. Waliolaumiwa zaidi ni wa bondeni. Wajenzi wa mlimani, wenye hati na wasio na hati, walikuwa na sehemu yao.

Msiba huo ulizaa kazi moja inayostahili kukumbukwa. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia na wachora ramani wa kujitolea. Droni zilipiga picha za kata zinazofurika, kali kiasi cha kuonyesha mfereji ulioziba. Wanafunzi na wakazi wakatembea na karatasi za picha hizo mkononi, wakiandika jina la kichochoro, kisima, msikiti, duka la dawa, na mahali maji yalipofika. Alama ya tope ukutani, kimo cha goti au cha kifua, ikawa takwimu. Setilaiti ingerudi kila siku kwa karne nzima isingeijua alama hiyo, wala jina la kichochoro. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakawa miongoni mwa marubani.

Tangu hapo picha zimekuwa tele. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, mbili za kwanza zikiwa zimerushwa 2015 na 2017, hurudi juu ya jiji kila baada ya siku tano na kuona vipande vya mita 10. Sentinel-1, ya rada, hupenya mawingu ya masika. Mwaka 2021 kampuni ya Google, kupitia kazi iliyofanyika kwenye kituo chake cha Accra, Ghana, ilitoa bure michoro ya majengo milioni 516 ya Afrika iliyotambuliwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti. Bado kuna kitu kinachozipita nyingi ya picha hizi. Kariakoo, kwa hesabu ya eneo lililojengwa, haijabadilika tangu Landsat ya kwanza: palikuwa mji, pamebaki mji. Aliyesimama mtaa wa Msimbazi anajua kwamba nyumba za Kiswahili za ukumbi wa kati na vyumba sita zimebomolewa, na mahali pake yakapandishwa maghorofa ya maduka, stoo na makazi. Mji unaopanda juu hauonekani kwa kipimo cha hekta.

Na kuna jambo la mpaka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukisoma namba hizo peke yake, kasi ya ukuaji imeshuka sana. Kati ya 2002 na 2012 jiji lilikuwa likikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, kisha ikawa asilimia 2.1. Wapo waliopumua. Lakini mpaka wa mkoa hauonekani angani. Picha zinaonyesha vidole vilevile vya zamani vikipita Mbezi na Kibamba hadi Kibaha, vikipita Bunju kuelekea Bagamoyo, vikipita Mbagala hadi Vikindu na Mkuranga, vikipita Chanika kuingia Kisarawe, bila kukatika. Katika miaka hiyohiyo kumi mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Baadhi ya hao wanaamka alfajiri na kupanda gari la kwenda Dar es Salaam, na jioni wanarudi kwenye nyumba ambazo kitabuni ziko mkoa mwingine, chini ya halmashauri nyingine, zenye wapimaji wachache zaidi na fungu dogo zaidi.

Mpango kabambe wa sasa, unaolenga mwaka 2036, ni wa Dar es Salaam. Mashamba ya mikorosho yanayopata ufito wao wa kwanza wa udongo mwaka huu yapo Mkuranga na Kisarawe, na yanaonekana wazi kwenye picha za bure za wiki iliyopita. Mpima ardhi wa halmashauri akiwa na kompyuta, umeme na intaneti anaweza kuyaona kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, akaenda kuzungumza na muuzaji na mnunuzi kuhusu upana wa njia, eneo la shule na mahali maji ya mvua yatakapopita. Manzese haikupata nafasi hiyo mwaka 1967, wala Mbagala mwaka 1990. Vikindu na Kisarawe bado zinaweza kuipata, kama wizara na halmashauri zitaamua kuwapa wapimaji hao vifaa na amri ya kutoka ofisini sasa.